Mapacha Katika Bodi Moja: Kadi za Grafiki za Chipu Mbili na Eneo la Washington

Historia ya kadi za grafiki zenye chipu mbili kwa kawaida husimuliwa kana kwamba ilitendeka California na Ontario peke yake, kwa kuwa kampuni ya 3dfx ilikuwa San Jose, Nvidia iko Santa Clara, na ATI, kabla na hata baada ya kununuliwa na AMD mwaka 2006, ilikuwa na wahandisi wake Markham, karibu na Toronto. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yanamtaja mbunifu na kumsahau aliyeipa kadi kazi ya kufanya. Katika eneo la Washington, yaani Wilaya ya Columbia pamoja na kaunti za Maryland na Virginia zinazoizunguka, kazi hiyo ilikuwa ya aina mbili: Rockville palitungwa michezo ya kompyuta iliyozitoa jasho kadi za kila kizazi, na Greenbelt, Bethesda na Ashburn paliwekwa mashine zilizounganisha chipu nyingi kwa ajili ya hesabu za kisayansi na za kibiashara. Upande mmoja mapacha, yaani chipu mbili za bodi moja, walisumbua hadi wakaachwa. Upande wa pili walifanya kazi bila malalamiko, na tofauti hiyo inaeleza, kuliko jedwali lolote la vipimo, kwa nini anasa hii ilishamiri kwa takriban miaka 18 kisha ikatoweka madukani.

Kadi ya grafiki ni bodi inayochomekwa kwenye bodi mama ya kompyuta ya mezani, na chipu iliyo juu yake hufanya hesabu za kugeuza maumbo na mwanga kuwa nukta za rangi kwenye skrini. Picha moja kamili huitwa fremu, na macho huuona mwendo kuwa laini fremu zinapopita 60 kwa sekunde, maana yake kila fremu ina milisekunde 16.7 tu za kukamilika. Chipu kubwa huchora haraka kuliko ndogo, lakini ukubwa una gharama yake: chipu huchongwa nyingi kwa pamoja juu ya kaki ya silikoni, na kadiri kila moja inavyochukua eneo kubwa, ndivyo uwezekano wa kuangukiwa na dosari unavyoongezeka na idadi ya zilizo nzima inavyopungua. Mwaka 2008 Nvidia ilitoa chipu yenye eneo la milimita za mraba 576 katika kadi ya GeForce GTX 280, iliyoingia sokoni kwa dola 649, ilhali AMD ilichonga chipu ya milimita za mraba 256 tu, ikaiuza katika Radeon HD 4870 kwa dola 299, na kwa yule asiyetosheka na moja ikaweka mbili juu ya bodi moja, ikaiita HD 4870 X2 na kuitoza dola 549. Kadi ya chipu mbili ilikuwa hila ya kununua wakati: mwenye fedha alipata leo kasi ambayo chipu moja ingeifikia baada ya mwaka mmoja au miwili.

Hila hiyo haikuwa ngeni katika viunga vya Washington. Mwaka 1994, katika kituo cha anga cha Goddard cha NASA kilichoko Greenbelt, Maryland, Thomas Sterling na Donald Becker waliunganisha kompyuta 16 za kawaida zenye chipu za Intel 486 DX4 kwa nyaya za mtandao wa Ethaneti, wakaziendesha kwa mfumo wa Linux na kuzipa kazi ambayo hadi wakati huo ilitafutiwa mashine za mamilioni ya dola. Waliliita kundi hilo Beowulf, jina la shujaa wa utenzi wa kale wa Kiingereza. Kilichofanya jaribio hilo lifuatwe duniani kote ni hoja ya bei: vipuri vinavyozalishwa kwa ajili ya umma hushuka thamani haraka, kwa hiyo anayejua kuvifunga pamoja humpita anayengoja kifaa kimoja cha pekee. Sharti lake halikusemwa kwa sauti kubwa, ingawa kila aliyeandika programu za mashine zile alilijua: kazi yenyewe lazima ikubali kugawanyika, na wafanyakazi wasilazimike kuulizana kila dakika.

Miaka minne baadaye wapenzi wa michezo ya kompyuta walikutana na hoja ileile katika umbo jingine. Kadi ya Voodoo2 ya 3dfx, iliyotoka mapema mwaka 1998, iliruhusu kadi mbili kuunganishwa kwa kebo fupi ili moja ichore mistari shufwa ya skrini na nyingine mistari witiri, mpango uliojulikana kwa herufi SLI. Na kampuni ya Quantum3D, iliyochipuka kutoka 3dfx, ikaziweka zote mbili juu ya bodi moja iliyoitwa Obsidian2 X-24. Ugawaji wa mistari kwa mistari ulikuwa wa haki, kwa sababu mstari wa juu na wa chini yake hulingana sana kwa uzito, na kila chipu ilimaliza sehemu yake karibu wakati mmoja na mwenzake. ATI ilichagua njia nyingine mwishoni mwa 1999 katika Rage Fury MAXX: chipu ya kwanza ilichora fremu ya kwanza, ya pili ikachora ya pili, kisha zikapokezana. Kadi hiyo ilikwamishwa na jambo dogo la kusikitisha, kwamba Windows 2000 haikuweza kuzitumia chipu mbili zilizokaa kwenye sloti moja ya AGP, na mnunuzi aliyehama mfumo akabaki na nusu ya kadi aliyoilipia. 3dfx yenyewe ilitoa Voodoo5 5500 yenye chipu mbili mwaka 2000, ikatengeneza sampuli za Voodoo5 6000 yenye chipu nne na kisanduku chake cha umeme cha kuchomeka ukutani, lakini kadi hiyo haikufika dukani. Desemba 2000 kampuni ilitangaza kuiuzia Nvidia mali zake.

Jina SLI lilifufuliwa na Nvidia mwaka 2004, ulipokuja mkondo wa PCI Express unaokubali kadi zaidi ya moja, lakini ndani ya jina lile palikuwa na mbinu ya ATI. Mistari haikuweza kugawanywa tena, kwa sababu michezo mipya ilipaka athari za mwanga na ukungu juu ya picha nzima kwa mkupuo. Ilibidi kupokezana fremu, na upokezanaji huo ndio uliokuwa msingi wa karibu kila kadi pacha iliyofuata.

Hapa ndipo Rockville inapoingia. Bethesda Softworks ilianzishwa na Christopher Weaver mwaka 1986 katika mji wa Bethesda ulioipa jina, kisha ikahamia Rockville, maili chache kaskazini, na kutoka huko ikajijengea sifa ya kutunga ulimwengu mpana ambao mchezaji anatembea humo atakavyo. Morrowind ya mwaka 2002 ilisifiwa kwa maji yake, yaliyometameta kwenye kadi zenye uwezo wa kukokotoa rangi ya kila nukta peke yake na kubaki bapa kwenye kadi za zamani. Oblivion, iliyotolewa tarehe 20 Machi 2006, ilikwenda mbali zaidi: mchezaji anapotoka katika mfereji wa gereza mwanzoni mwa mchezo, mbele yake hufunguka ziwa, magofu, na vilima vyenye misitu na majani yanayoyumba, na mandhari hiyo, kwenye skrini kubwa, ilizielemea kadi bora za chipu moja za wakati huo. Wajaribu kadi waliifanya mizani yao. Miezi mitatu baadaye Nvidia ilitoa GeForce 7950 GX2, ambayo kwa kweli ilikuwa bodi mbili zilizobebana, kila moja na chipu yake na megabaiti 512 za kumbukumbu, zikichomekwa katika sloti moja.

Mwaka 2008 uhusiano wa mahali na mchezo ulikuwa wa wazi zaidi, kwa kuwa Fallout 3, iliyotoka Oktoba mwaka huo, ilichora Washington yenyewe baada ya vita vya nyuklia: mnara wa Washington umebambuka hadi kuonyesha vyuma, jengo la Bunge limetobolewa, na njia za reli ya chini ya ardhi zimegeuka mapango ya mazimwi na wanyang'anyi. Matangazo yake yalibandikwa katika kituo halisi cha Metro Center, na baadhi ya abiria hawakupendezwa kuuona mji wao ukiwa kifusi wakati wa kwenda kazini. Mkazi wa Arlington aliyekuwa na HD 4870 X2, iliyotoka Agosti mwaka huo, aliweza kutembea kwenye magofu ya mji wake bila skrini kukwama, na pengine hakuna wakazi wengine waliopewa nafasi ya kutumia fedha nyingi namna hiyo ili kuona jinsi mitaa yao ingebomolewa.

Kwa nini chipu mbili hazikuwa sawa na mara mbili ya moja ni suala linalostahili kuelezwa polepole. Waswahili husema mafahali wawili hawakai zizi moja, na wahandisi, kana kwamba walisikia, walimjengea kila fahali zizi lake: kila chipu ilikuwa na kumbukumbu yake pembeni, na chipu ya tatu, iliyoitwa daraja, ilipitisha taarifa kati yao. Katika Radeon R9 295X2 ya mwaka 2014, chipu moja ilisoma kumbukumbu yake kwa gigabaiti 320 kwa sekunde, lakini kupitia mkondo wa PCI Express ilimfikia mwenzake kwa takriban gigabaiti 16 tu, yaani sehemu moja ya ishirini. Kwa njia nyembamba hivyo hapakuwa na maana ya kuazimana; kila picha ya ukuta, kila umbo la mti lilinakiliwa mara mbili, na gigabaiti 8 zilizoandikwa kwenye boksi zilikuwa nne zilizorudiwa. Tangazo halikuwa la uongo kisheria. Lilikuwa la uongo wa hesabu ya dukani, ule wa kuuza jozi ya viatu kama viatu viwili vya safari mbili.

Kasoro kubwa zaidi ilijificha kwenye wastani. Tuseme chipu ya kwanza inakamilisha fremu, ya pili inakamilisha yake milisekunde 4 baadaye, kisha panapita milisekunde 29 kabla ya nyingine kutokea, na mtindo huo unarudiwa bila kukoma. Fremu mbili zimetoka ndani ya milisekunde 33, mizani inasoma 60 kwa sekunde, na mchapishaji wa jedwali anaandika 60. Lakini jicho la mchezaji limeona fremu mbili zikikanyagana kisha pengo refu, na mkono wake kwenye kipanya unahisi kama gari lenye klachi mbovu. Wachezaji waliiita kasoro hiyo kigugumizi, na kwa miaka mingi waliokilalamikia waliambiwa kwamba ni hisia zao. Septemba 2011 Scott Wasson wa jarida la Tech Report alichapisha makala iliyopendekeza kupima muda wa kila fremu badala ya kuhesabu fremu ndani ya sekunde; mwaka 2013 Nvidia ikatoa zana zilizopaka ukanda wa rangi kando ya kila fremu ili picha ya skrini ikirekodiwa, kimo cha kila ukanda kihesabiwe. Kadi za AMD zilionekana wazi kuwa na fremu zilizojitokeza kwa mistari michache tu ya skrini kisha zikafunikwa, fremu zilizohesabiwa na hazikuonekana. Agosti mwaka huo AMD ilitoa draiva, yaani programu inayoiongoza kadi, iliyozichelewesha makusudi fremu zilizowahi ili zipishane kwa nafasi sawa. Ni dawa ya ajabu kwa kifaa kilichonunuliwa kwa ajili ya kasi.

Rockville ilichangia kisa kingine. Skyrim, iliyotolewa tarehe 11 Novemba 2011, iliifunga hesabu ya mwendo wa vitu, kuanguka, kugongana na kuviringika, kwenye kasi ya fremu 60 kwa sekunde, na kwa kawaida mchezo ulijizuia usipite hapo. Mwenye kadi pacha, akiona nguvu nyingi zimelala, alifungua faili la mipangilio na kuondoa kizuizi hicho. Matokeo yake yalionekana kwenye nyumba za wanakijiji: mchezaji anafungua mlango na, kabla hajavuka kizingiti, sahani, vikombe na kabichi zilizopangwa mezani zinaruka zenyewe na kutawanyika sakafuni, kwa sababu mchezo umezisogeza mara nyingi kuliko muda ulivyoruhusu. Waliotumia mamia ya dola kwa ajili ya kasi walirudisha kizuizi.

Hata hivyo fahari haikupungua, na yawezekana kasoro ndizo zilizozifanya kampuni kuipamba zaidi. GTX 690 ya Mei 2012, ya dola 999, ilivishwa magnesi na alumini badala ya plastiki, na nakala za wajaribu zilipelekwa ndani ya kasha la mbao pamoja na mtaimbo wa kulifungulia. R9 295X2 ilikuja Aprili 2014 kwa dola 1,499 ikiwa na mirija ya maji ya kupozea chipu zote mbili, rejeta yenye feni ya milimita 120 ya kufungwa ukutani mwa kasha la kompyuta, na matumizi ya wati 500. AMD ilionya kwamba kila moja ya plagi zake mbili za umeme ihudumiwe kwa ampea 28. Nvidia nayo ilikuwa na Titan Z ya dola 2,999, bei mara mbili ya mpinzani ambaye katika michezo mingi aliishinda, na hakuna hesabu ya wakati huo wala ya sasa inayoweza kuitetea bei hiyo.

Umeme wenyewe ulikuwa mpaka. Soketi ya kawaida ya nyumba ya Marekani hutoa volti 120, na saketi ya ampea 15 hubeba wati 1,800, kwa hiyo kadi mbili za R9 295X2 pamoja na prosesa na pawa saplai isiyo kamilifu zilikaribia kuimaliza saketi nzima ya chumba. Katika hilo msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, mwenye soketi ya ampea 13 kwa volti 230 au 240 na hivyo takriban wati 3,000, ana nafuu, umeme ukiwapo. Kaunti za Loudoun na Fairfax upande wa Virginia zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti zenye kipato kikubwa cha kaya nchini Marekani, na maduka ya Micro Center ya Fairfax na Rockville yaliendelea kuuza vipuri vya kujiundia kompyuta hata minyororo mingine ya maduka ya kompyuta ilipofunga milango. Mnunuzi na rafu vilikuwa karibu. Joto la Agosti katika bonde la Potomac, likiongezewa wati 500 zinazotemwa chumbani, liliachiwa kiyoyozi.

Pigo la mwisho lilitoka katika mbinu ya kuchora yenyewe. Michezo ya miaka ya 2010 ilianza kulainisha kingo za maumbo kwa kukopa taarifa kutoka fremu iliyotangulia, jambo lililopunguza kazi kwa chipu moja na kuwatenganisha mapacha: chipu ya pili haiwezi kuanza fremu yake mpaka ipokee ya kwanza, na ya kwanza iko ng'ambo ya lile daraja jembamba. Kisha DirectX 12 ya mwaka 2015, yaani lugha ambayo mchezo hutumia kuiamuru kadi, ikauondoa mzigo wa kugawa kazi mabegani mwa watunzi wa draiva na kuwatwika watunzi wa michezo, ambao hawakuwa na sababu ya kuwahudumia wateja wachache kiasi hicho. Radeon Pro Duo ya Aprili 2016 ndiyo iliyofunga mlolongo huo kwa wapenzi wa michezo, na kuanzia tarehe 1 Januari 2021 Nvidia iliacha kuongeza mipangilio mipya ya SLI katika draiva zake.

Wakati huohuo kadi ya chipu mbili ilikuwa imepata ajira isiyo na macho ya kuridhisha. Tesla K80, iliyotangazwa na Nvidia Novemba 2014, ilikuwa na chipu mbili na gigabaiti 24 za kumbukumbu, lakini haikuwa na hata tundu la kuchomekea skrini. Taasisi za Taifa za Afya zilizoko Bethesda ziliiweka ndani ya Biowulf, kundi la kompyuta lililoanzishwa mwaka 1999 ambalo jina lake linaikonyezea macho Beowulf ya Greenbelt. Humo mtafiti wa protini aliomba chipu, si kadi, na kila pacha alihesabiwa kuwa mfanyakazi kamili. Septemba 2016 Amazon ilianza kukodisha mashine za K80 katika vituo vyake vya data vya kaskazini mwa Virginia, na ile ndogo kuliko zote ilimpa mteja chipu moja, yaani nusu ya kadi, kwa dola 0.90 kwa saa. Nusu ile haikujua nusu nyingine inafanya nini, wala haikuhitaji kujua. Molekuli inayojikunja haina mtazamaji anayehesabu milisekunde, na kigugumizi ambacho hakuna anayekisikia si kasoro.

Mshono kati ya chipu na chipu, uliowasumbua wachezaji kwa miaka 18, uligeuka baadaye kuwa suala la sheria. Tarehe 7 Oktoba 2022 Wizara ya Biashara ya Marekani, yenye jengo lake kwenye Constitution Avenue mjini Washington, ilitoa kanuni za kuzuia chipu zenye nguvu zisiuzwe China, na mojawapo ya vigezo ilikuwa kasi ya kuunganisha chipu na nyingine, ikiwekewa kikomo cha gigabaiti 600 kwa sekunde. Nvidia ikatengeneza A800, ndugu ya chipu yake ya A100, ambayo kiungo chake kilipunguzwa kutoka 600 hadi 400 na chipu ikaachwa ilivyo. Wizara ilirudi Oktoba 2023, ikakiacha kigezo cha kiungo na kupima jumla ya uwezo wa kukokotoa, na ndani ya wavu mpya ikanaswa GeForce RTX 4090, kadi ya mchezo ya chipu moja iliyokuwa ikiuzwa tangu mwaka uliotangulia kwa dola 1,599, isiyo hata na tundu la kuunganishiwa na mwenzake. Mkazi wa Maryland aliweza kuichukua rafuni Rockville, akapanda treni ya njia nyekundu hadi Metro Center na kupita mbele ya Wizara nayo mkononi bila kuulizwa lolote. Kuituma Shanghai kulihitaji leseni.